Baba yuko katikati ya mionzi na kemo, hamezi tena: tumrudishe Bukavu?

Mwana-Kadutu: Wapendwa, naomba ushauri. Baba yetu ana kansa ya koo. Hapa Bukavu hakuna mashine ya mionzi, tukamvusha mto Ruzizi mpaka Rwanda, hospitali ya Kanombe, Kigali. Anapigwa mionzi siku tano kwa juma na anatundikiwa sisiplatini, dawa ya kemo ya kupigana na kansa. Mwanzoni alikuwa na nguvu. Sasa mdomo umejaa vidonda, mate mazito kama gundi, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, hata uji anaukataa. Wajomba wanasema dawa itamuua kabla ya ugonjwa, arudi apumzike kwanza. Naogopa pande zote mbili.

Yaya Nsimire: Pole sana, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi. Msimtoe kabla ya kuongea na daktari wake! Kwa kansa hizi, kipimo cha kawaida ni greyi 70 (greyi ndiyo kizio cha mionzi), zinagawanywa mara 35 kwa majuma saba. Mionzi ikikatizwa, kansa inapata nafasi ya kuota tena. Kemo inaipa mionzi nguvu, ndiyo maana na vidonda vinazidi.

Maumivu yana dawa: ombeni hata morfini ya maji, anywe nusu saa hivi kabla ya kula. Asukutue mara nyingi kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na bikarbonati. Pilipili, ndimu, sigara na kasiksi (pombe ya ndizi), hapana. Mpeni sosoma, ule uji wa soya, mtama na mahindi, nyepesi yenye maziwa. Akizidi kukonda, akubali sonde ya puani, yaani mpira mwembamba wa kupitishia chakula mpaka tumboni. Wengi wanaiogopa, lakini imewasaidia wengi kumaliza matibabu. Daktari akiruhusu, aendelee kumeza maji kidogo kidogo, misuli ya koo isilegee.

Homa ikifika 38, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, maana kemo inashusha kinga. Masikio yakilia au mkojo ukipungua, semeni kabla ya chupa ya kemo inayofuata.

Mzee wa Bagira: Mwanangu, njia hiyo nimeipita. Mionzi ikiisha, maumivu yanaweza kuendelea kupanda majuma mawili hivi, msishtuke. Ladha ilinirudia polepole. Mate hayajarudi yote, natembea na chupa ya maji. Na asing'olewe jino bila kuwauliza madaktari wa mionzi, hata miaka ikipita. Taya iliyopigwa mionzi inapona vibaya.

Mwana-Kadutu: Aksanti sana. Nimewasomea wajomba, wamekubali angojee. Hiyo sonde, analala nayo kwenye nyumba tuliyopanga ao lazima alazwe?

Yaya Nsimire: Wengi wanalala nayo nyumbani, wauguzi wakishawafundisha. Wakati wa kulishwa awe ameketi, na abaki hivyo karibu saa nzima. Isafisheni kwa maji safi kila mara. Muulizeni daktari kesho asubuhi, kabla hajaingia kwenye mashine.