Waandaaji wa midahalo ya sayansi Mbeya, acheni kulitumia jina la Erasto Mpemba kuwanyamazisha wanaouliza

Wakuu, salaam.

Nimesubiri siku nne ili hasira ipungue kabla ya kuandika, na haijapungua. Jumamosi iliyopita niliondoka Iringa kwa basi la alfajiri pamoja na wanafunzi wangu watatu wa kidato cha tatu, tukapita Mafinga, Makambako na Igawa hadi Mbeya, kuhudhuria mdahalo ambao tangazo lake liliahidi kwamba mawazo ya kisayansi yasiyo ya kawaida yatasikilizwa na kupimwa. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 kwa kila mtu, na wanafunzi hawakupunguziwa hata senti. Kusikilizwa kulikuwepo. Kupimwa hakukuwepo, na aliyethubutu kupima alionekana mkorofi.

Mtoa mada wa kwanza alileta jenereta isiyotumia mafuta. Wengi wenu mmeshaziona: mota inazungusha altaneta, yaani kifaa cha kuzalisha umeme, kwa mkanda, sehemu ya umeme unaozalishwa inarudi kuiendesha mota ileile, na unaobaki, kwa maelezo ya mwenyewe, unatosha nyumba nzima. Mwanafunzi yeyote aliyesoma kanuni ya hifadhi ya nishati, kwamba nishati haizuki pasipo kitu, anajua tatizo liko wapi, kwa sababu mkanda na beringi hula nishati kwa msuguano, nyaya huila kwa kupata joto, na kinachoifikia mota kwa mzunguko wa pili lazima kiwe pungufu ya kilichotoka. Akademia ya Sayansi ya Paris ilichoshwa na mashine za namna hii mapema mno, ikaamua mwaka 1775 kwamba haitazichunguza tena.

Mimi sikutaka afukuzwe, wala sikumcheka. Niliomba jambo moja tu: betri iliyotumika kuiwashia mota iondolewe, mashine ifungwe pasi ya kawaida ya wati 1,000, na sisi sote tukae tukinywa chai kwa muda wa saa moja tuone. Hata pasi ilikwisha kupatikana, kwani mama aliyekuwa akituuzia chai mlangoni alikubali kuniazima ya kwake. (Huyo mama, nasema bila utani, ndiye mtu pekee ukumbini aliyeonyesha hamu ya kujua matokeo.)

Mratibu akachukua kipaza sauti na kunijibu: "Mwalimu, hata Mpemba alichekwa." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mada ikaendelea kwa saa moja na nusu, betri ikiwa mahali pake.

Hapo ndipo ninapochukia hasa, maana mtu anayelitaja jina hilo mbele ya watu wa Iringa inampasa ajue anachokisema. Ni kweli kwamba Erasto Mpemba alichekwa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari kule Magamba, alitia kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, hapahapa Iringa, katika majengo ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, mwalimu mwingine alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Lakini alipopata nafasi ya kumuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, Mpemba hakusimulia habari za mshangao. Aliuliza kwa vipimo: maji ya ujazo ulio sawa, mengine yakiwa na nyuzi 35 na mengine nyuzi 100, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Swali la namna hiyo mtu anaweza kwenda nalo maabara na kulijaribu, naye Osborne alifanya hivyo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Jambo lenyewe linabishaniwa hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio na hawakuona ushahidi wa maana, wakaonyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kumdanganya mpimaji. Mtu aliyechekwa akakubali kupimwa hafanani hata kidogo na mtu anayekataa kupimwa kwa kisingizio kwamba huenda akachekwa.

Na sasa sikilizeni hili. Wanafunzi wangu watatu walikuwa wameketi mstari wa tatu wakisubiri zamu yao, na mada yao ilikuwa majaribio hayohayo ya Mpemba, waliyoyafanya muhula mzima kwa freeza ya jikoni na vipimajoto viwili. Mara nyingi maji ya baridi yaliganda kwanza, mara chache yakatangulia ya moto, nao walikuwa wamechora hata mahali kila chombo kilipowekwa na kiasi cha barafu iliyokuwa chini yake. Walipewa dakika kumi, saa kumi na mbili jioni, viti vikiwa tayari vinakunjwa. Mratibu aliniambia pembeni kwamba matokeo yao "hayana msisimko".

Kuandaa mdahalo wa mawazo yasiyo ya kawaida si kumpa kila mtu kipaza sauti. Mtoa mada aandike dai lake siku kadhaa kabla, aeleze ni matokeo gani yatakayomfanya akiri kwamba amekosea, na awaachie wengine wakiguse chombo chake. Asiyeweza kutaja matokeo hayo asipangiwe saa moja na nusu, hata kama ukumbi unampenda.

Nimepata ujumbe kwamba mdahalo unaofuata utafanyika Iringa, na kwamba waandaaji wanaomba maabara ya shule yetu. Funguo za maabara ninazo mimi. Wanafunzi wangu wapangwe wa kwanza, na jenereta ile ije bila betri. Pasi nitaileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Nawasilisha.