Ukoo wa Mzee Kitwana: mchango wa Zuhura

07:12 Shangazi Mwajuma: Asalaam alaykum. Zuhura amepokelewa kwenye undugu wa madaktari huko Marekani. Anaapishwa Jumamosi ijayo, kuna ada. Kila nyumba elfu hamsini.

07:40 Shangazi Mwajuma: Mbona kimya? Tiki za bluu naziona.

09:41 Baba Mdogo Side: Undugu gani wa kuapishana? Wanalala kwenye jeneza?

09:41 Hamisi: 😂😂 akirudi likizo anageuka paka

09:43 Shangazi Mwajuma: Side, mambo ya watu haya.

14:20 Zuhura: Shikamooni, ndo nimeamka. Ba'mdogo, hakuna jeneza. Inaitwa Phi Delta Epsilon. Vyama vya wanafunzi wa udaktari vilikuwepo toka zamani, Nu Sigma Nu pale Michigan 1882, Phi Chi kule Vermont 1889. Vina nyumba za kulala, madesa ya waliotangulia, wakubwa wa kukushika mkono hospitali. Ila enzi hizo Myahudi alikuwa hapokelewi. Ndo 1904 Aaron Brown na wenzake wanane wakaanzisha cha kwao pale Cornell, New York.

14:22 Hamisi: Kumbe bweni lenye madesa. Natoa elfu mbili

15:02 Salma: Nauliza tu. Mchango wa Omari wa chuo cha uuguzi uliishia wapi? Daftari alishika shangazi.

15:03 Shangazi Mwajuma: Salma, hilo tulilimaliza Idi.

15:03 Salma: Mlilimaliza nyie. Omari aliuza baiskeli.

15:04 Hamisi: Na baiskeli ilikuwa yangu 😭

17:33 Babu Daktari: Nimesoma yote. Shule ya udaktari Dar es Salaam ilifunguliwa 1963, mimi nimeingia 1971. Kitabu cha anatomia kimoja, watu sita. Zamu yangu saa nane usiku. Aliyenifundisha mifupa ya mkono alikuwa mwaka wa juu yangu, na hakunidai senti. Zuhura, waulize hao waliofungiwa mlango: wao walimfungia nani? Mwajuma, hesabu ya Omari iletwe hapa kabla ya hela mpya.

18:50 Shangazi Mwajuma: Sawa Baba.

18:51 Hamisi: 🤐

19:05 Zuhura: Shikamoo Babu. Walitufungia sisi. Mwanzo ilikuwa ya wanaume watupu. Wanawake wa Michigan walishaunda yao, Alpha Epsilon Iota, tangu 1890. Sasa hivi wanapokea wote. Nikiulizwa kwa nini nataka kuingia, naruhusiwa kusema habari ya kile kitabu?

19:30 Babu Daktari: Sema. Kilikuwa hakina jalada.

20:48 Shangazi Mwajuma: Daftari liko Tanga. Ila Jumamosi haisubiri jamani.

21:17 Baba Mdogo Side: Nimetuma ishirini. Ya joho tu, ya kiapo sitoi.

21:18 Shangazi Mwajuma: Joho limetoka wapi Side??

21:20 Salma ametoka kwenye kikundi

21:26 Shangazi Mwajuma: Mrudisheni Salma. Admini nani humu?

21:27 Hamisi: Wewe, shangazi