Kutoka Muscat kwenda mlima wa Jebel Shams na mama mtu mzima, gari ndogo itafika?

BintiMalindi
Assalam aleikum jamani. Mama yangu kaja kutoka Unguja, yupo kwetu hapa Muscat mpaka mwisho wa mwezi na kila siku yumo ndani tu na wajukuu, kwa hiyo nataka nimpeleke Jebel Shams akalione lile korongo la Wadi Ghul, hilo wanaloliita Grand Canyon ya Arabuni. Gari yetu ni saluni ya kawaida. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, watoto wawili, mmoja 6 mwengine 9. Gari itapanda? Na twende turudi siku moja au tulale? Alowahi kufika aniambie ukweli, sitaki kumtesa bi mkubwa.

AbuuSeeb
Waaleikum salaam dada. Mpaka Nizwa hakuna tabu, ni haiwei namba 15, kama kilomita 160 hivi, saluni inateleza tu. Ukitoka Nizwa unashika njia ya Al Hamra halafu kijiji cha Ghul, kipo pale mdomoni mwa bonde, hapo ndo mlima unaanza. Lami ipo lakini nilipopita mimi katikati kulikuwa na kipande cha kokoto na vumbi, njia ina mawimbi kama bati na pembeni ni genge. Utaona saluni zinapanda utasema mbona wenzangu wanakwenda, lakini tabu iko kwenye kushuka. Mimi nilikwenda na gari ndogo ya kukodi, nikashuka na gia ya D ile ile ya kawaida, mguu kwenye breki njia nzima, kufika chini moshi unatoka magurudumu ya mbele na pedali imekuwa laini kama sponji, mke wangu hakusema neno mpaka Al Hamra. Tafuta fowili, gari inayovuta magurudumu yote manne, na ukishuka weka gia ya chini injini ndo ishike gari, breki unagusa tu. Mafuta jaza Al Hamra, huko juu usitegemee sheli. Na kama ya kukodi soma mkataba, nyingi bima haikulindi ukitoka kwenye lami.

Nyota_Bububu
Magoti yasikutie hofu mpenzi. Gari inafika karibu kabisa na ukingo, mama anashuka hatua chache tu na korongo lote liko mbele yake, kina chake kama mita 1,000 kwenda chini. Mimi nilimpeleka bibi yangu, nikamuwekea kiti cha kukunja nyuma kidogo maana sehemu kubwa haina uzio, akatazama akanyamaza muda mrefu sana, mara akanishika mkono, "subhanallah, ndege wanaruka chini yetu." Kweli, tai walikuwa wanazunguka chini ya miguu yetu, ukiwatazama unaona migongo yao. Mchukulieni sweta na soksi, pale mko kama mita 2,000 juu, jua likizama baridi yake si ya Unguja. Chupa ya chai ya tangawizi pia.

MsafiriRuwi
Siku moja inawezekana lakini mtachoka na mtashuka na giza, usifanye hivyo na mama na watoto. Nendeni Alhamisi mlale Nizwa, Ijumaa asubuhi mapema mama aone mnada wa mbuzi, wanawazungusha na watu wananadi bei, halafu ndo mpande taratibu. Ile njia ya miguu ya W6, inayotoka kijiji cha Al Khitaym huko juu mpaka mahame ya As Sab, ni kama kilomita 4 kwenda tu, imewekewa alama za rangi kwenye mawe. Nzuri mno, nyumba za zamani zimejibana chini ya mwamba, lakini upande mmoja ni shimo tupu. Huyo wa miaka 6 abaki na bibi yake, wa 9 ashikwe mkono mwanzo mwisho. Na kukiwa na habari ya mvua msiende kabisa, maji ya wadi yakishuka hayasubiri mtu, hata kama mlipo nyinyi jua linawaka.

BintiMalindi
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Shemeji yangu ana fowili na kakubali kutuendesha, tunatoka Alhamisi baada ya alasiri. Nimemwambia mama habari za mnada, kashaanza kuuliza bei za mbuzi. Nyota, kiti cha kukunja nakifata kesho.