Msaada wakuu, hii "s" ya vitenzi vya Kiingereza inanitoa jasho

Kalamu Kavu:
Habarini wakuu. Naombeni ushauri ila msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha. Juzi nimempelekea bosi ripoti ikarudi nyekundu tupu. Niliandika "The list of names are ready", kafuta "are" kaweka "is", sasa najiuliza majina si mengi jamani? Afu chini nikaandika "She doesn't has the key", nayo kaikata, wakati najua kabisa "she" inaenda na "has". Yaani nikiiweka hiyo s nakosea, nikiitoa nakosea. Kuongea naongea fresh tu, balaa ni kuandika. Nyie mnafanyaje?

Bi Sarufi:
Pole mdogo wangu. Kupatanisha mbona unajua toka utotoni! Sanduku la vitabu likidondoka unasemaje, "limeanguka" au "vimeanguka"? Umesema limeanguka bila hata kufikiri, maana kilichoanguka ni sanduku. Ndo hivyohivyo "the list of names", chenye neno ni orodha, majina yamebebwa tu. Angalia kilichokaa kabla ya "of". Na "everyone has" ni sawa na kila mtu ana, hakuna anayesema kila mtu wana. "One of my friends lives here", mmoja wa rafiki zangu anaishi hapa. Sikio lako la Kiswahili linatosha kabisa.

Nyundo:
Hiyo ya "doesn't has" ni rahisi mkuu, s inabebwa na mmoja tu. "Does" imeshaibeba, kwahiyo kinachofuata kinabaki kitupu: "she doesn't have", "does she know". Na wale kina "can", "will", "must" hawaitaki kabisa, wala wanaowafuata hawaitaki, usije ukaandika "he can goes" nimeiona mpaka kwenye matangazo. Kingine kinachochanganya ni kwamba s kwenye nomino ni ya wingi ila kwenye kitenzi ni ya umoja, "the dog barks", "the dogs bark". Kawaida ukiiona huku, kule haipo.

Mtaka Cha Uvunguni:
Bi Sarufi nakuheshimu ila hapo kwenye sikio la Kiswahili utampoteza mtoto wa watu. Sisi tunasema mwalimu pamoja na wanafunzi wamefika, si ndio? Kiingereza "The teacher, together with the students, has arrived", wanafunzi hawahesabiwi hapo. Ingekuwa "and" ndo ingekuwa "have". Na tunasema taarifa hizi, basi mtu anaandika "these informations are", kumbe ni "this information is". Usidanganywe na s ya "news" pia, ni "the news is". "Police" haina s na bado ni "the police are". Hizo hazina sikio, unazikariri tu.

Bi Sarufi:
Sawa hiyo ya pamoja na nimekubali, nilikuwa nimeisahau. Ila bado naanzia kwenye sikio.

Kalamu Kavu:
Nawashukuru sana aisee, ile ya sanduku imeniingia. Sasa mbona huwa naona "the team is" na "the team are" zote zinaandikwa?

Nyundo:
Zote zipo. Wamarekani wanapenda "is", Waingereza wanatumia hata "are" wakiwa wanawawazia wachezaji mmoja mmoja. Chagua moja usibadilishe katikati ya ripoti, bosi wako naona hana utani.

Kalamu Kavu:
Hana kabisa. Na hii je, "A number of people has complained"? Nimefuata kilichokaa kabla ya "of" kama Bi Sarufi alivyosema.

Mtaka Cha Uvunguni:
😂😂 Bi Sarufi njoo umuone mwanao. Hiyo ni "have" mkuu. "A number of" maana yake ni watu kadhaa, kwahiyo wingi. Ikiwa "the number of" ndo inarudi umoja, "the number of people is growing", kinachokua ni idadi.

Kalamu Kavu:
Daah. Ngoja niifungue tena ile ripoti, nilishabonyeza tuma.