Mjadala: Shule ina haki ya kumkataza mtoto kusema "huchezi nasi"?

Mama wa Bamburi (mwenye mada)

Jamani, habari zenu. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi limeshatuchoma. Jana tumelumbana mpaka saa tano usiku, wawili wakajitoa kundini, na mwalimu wa darasa akanyamaza kimya.

Kisa ni hiki. Binti yangu yuko Gredi ya 3. Jumatatu karudi na barua: kuanzia wiki hii, wakati wa breki, hakuna mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 atakayemwambia mwenzake "huchezi nasi". Akija mtu kwenye mchezo wa kati, wa kamba au wa mpira, anaingizwa. Anayekataa anaitwa na mwalimu.

Kanuni yenyewe si ngeni duniani. Mwalimu mmoja wa chekechea wa Chicago, Vivian Paley, aliiweka darasani kwake zaidi ya miaka 30 iliyopita. Lililonipendeza kwake ni kwamba kabla ya kuianzisha aliwaendea watoto wa madarasa ya juu akawauliza. Wakamwambia ni ya haki, ila wakawa na shaka kama itawezekana. Watoto hao wametushinda sisi wazazi, maana sisi kila mtu ameshika jibu moja na hasikii la mwenzake.

Mimi nimegawanyika. Binti yangu ndiye anayesema "huchezi nasi". Nimelijua juzi, na sikupendezwa. Semeni.

Mzee wa Mikindani

Ngoma ya watoto haikeshi. Leo wamenuniana, wameapa hawasemezani mpaka kufa. Kesho saa nne unawakuta wanagawana embe bichi la pilipili kwenye karatasi moja. Wakubwa tukiingia ndipo ugomvi unapokuwa ugomvi, maana wenye kuweka kinyongo ni sisi.

Mimi nimekulia Majengo. Tukifukuzwa mpirani tulikwenda kufunga makaratasi kwa kamba yawe mpira, tukaanzisha timu yetu. Marafiki nilio nao mpaka leo ndio hao tuliofukuzwa pamoja. Sasa huyu anayeshikwa mkono na mwalimu na kuingizwa mchezoni, siku mwalimu hayupo atafanyaje? Rafiki haletwi kwa barua ya mwalimu mkuu.

Mwalimu wa Kisauni

Shikamoo Mzee. Nafundisha shule ya msingi, huu mwaka wa kumi na nne, na si shule hiyo inayozungumzwa.

Ngoma ya watoto haikeshi ikiwa ni ya wawili waliokosana. Darasa zima likimtenga mmoja, hiyo inakesha. Nyinyi mlifukuzwa wengi mkapata timu. Mimi nasema juu ya yule anayefukuzwa peke yake.

Kila muhula nawapa watoto kipande cha karatasi, kila mmoja aniandikie kwa siri majina matatu ya anaotaka kukaa nao. Kazi hii si ubunifu wangu, ilianza na Jacob Moreno, daktari wa magonjwa ya akili, huko Marekani miaka ya 1930. Nikifika nyumbani nachora mishale, kutoka kwa aliyeandika hadi kwa aliyeandikwa. (Sijawahi kuwauliza nani humpendi. Ukiuliza hivyo, kabla ya breki kuisha darasa zima limeshajua.) Kuna mtoto ambaye mishale karibu yote inamwendea, na kila mwaka wako wawili watatu wasiopata hata mmoja.

Hawa wasiopata mshale wazazi huwachanganya. Yupo asiyeonekana: mpole, hana adui, hana wa kumkumbuka. Ukimhamisha kiti, au akiingia darasa jipya, mara nyingi anapata watu. Na yupo anayekataliwa: ukitaja jina lake wenzake wanakunja nyuso. Watafiti waliowafuatilia watoto kwa miaka kadhaa waliona kwamba huyu wa pili sifa yake humwandama zaidi. Namkuta Gredi ya 1, namkuta Gredi ya 4, ni yule yule.

Msije mkadhani wote ni wakorofi. Wapo wanaopiga wenzao, ndiyo. Lakini mwaka juzi nilikuwa na msichana asiyetakiwa na mtu kwa kuwa sare yake ilinuka. Kwao maji yalikuwa yamekatika wiki tatu, mitungi ya mkokoteni wanainunua kwa kupikia. Kuna wengine wanachekwa Kiswahili chao cha bara. Kuna asiyekuwa na shilingi ishirini ya viazi karai, na breki ya kwetu Mombasa mnaijua: nusu yake ni kula. Watoto hawa barua haiwafikii, kwa sababu hakuna aliyewaambia "huchezi". Watu wanasogea tu.

Kingine, kuingia mchezoni ni ufundi. Mtazameni mtoto anayekubalika akiukuta mchezo umeshaanza. Anasimama kando. Anatazama zamu ya nani, nani kiongozi, kisha anaanza kufanya kile kile wanachofanya wenziwe, na hakuna anayekumbuka aliingia lini. Anayekataliwa anafika akiuliza maswali, akijisifu, au akiwaambia mnakosea. Ufundi huu unafundishika, nimeufundisha. Lakini unataka mtu mzima asimame uwanjani breki nzima, na mimi nina watoto hamsini na nane na chai yangu inapoa.

Baba wa Likoni

Mimi kanuni hiyo nimeiona ikifanya kazi. Nawaeleza ilivyofanya.

Kijana wangu ana miaka tisa. Mwaka jana shuleni kwake ilitoka amri kama hii, na wenzake wakaitii. Walimwingiza kwenye mpira, wakamweka nyuma ya goli. Mpira ukitoka nje, anaukimbilia. Mwezi mzima. Mwalimu akipita anawaona watoto wote wako uwanjani, anaridhika. Siku moja nikamuuliza, unacheza namba ngapi? Akanijibu kwa fahari, "Mimi ndiye naleta mpira." Nilitoka nikakaa barazani, sikuweza kumjibu.

Kilichomtoa hakikutoka shuleni. Chuoni, kwa maalim wa Kurani, alimpata mwenzake mmoja, mtoto wa jirani anayeuza mihogo ya karai. Shule mbalimbali. Wakitoka chuoni wanacheza gololi mpaka magharibi. Basi tangu hapo tumbo la asubuhi limepona. Alikuwa akiumwa tumbo kila ikifika saa kumi na mbili, ila Jumamosi na Jumapili haliumi, na mimi mjinga nikampeleka hospitali mara mbili.

Shuleni bado hawamtaki. Mwalimu, niambie: nishukuru au niendelee kupigana?

Shangazi wa Majengo

Na mimi niulize la upande wa pili. Mpwa wangu ndiye huyo wa mishale mingi. Kila mtoto mgumu anawekwa naye dawati moja, "atakusaidia". Ana miaka minane, jamani, si yaya.

Mwalimu wa Kisauni

Shangazi, umenigusa, nimelifanya hilo. Nitaliacha.

Baba, yote mawili. Kukubaliwa na wengi ni kitu kimoja, kuwa na rafiki ni kingine. Parker na Asher, watafiti wa Marekani, mwaka 1993 waliwapima watoto wa gredi ya 3 hadi ya 5 wakakuta si wachache kati ya wale wasiopendwa na darasa walikuwa na rafiki wa dhati. Na upweke ulitokana na yote mawili, kila kimoja na fungu lake. Mwanao ana fungu moja, na yule mtoto wa mihogo usimwache apotee. Lakini saa zote hizo za shule bado anakaa na watu wasiomtaka.

Nawapa nililolifanya mimi, likafaulu kiasi. Aliliwaza mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule za weupe na weusi zilipochanganywa watoto wakawa wanapigana. Unagawa somo vipande, kila mtoto wa kikundi anapewa chake, na hakuna anayeweza kumaliza bila mwenziwe. Mimi niligawa historia ya Ngome ya Yesu, ile ya hapa Mombasa: mmoja Wareno walioanza kujenga 1593, mmoja Waomani walioiteka 1698, mmoja Waingereza walioigeuza jela mpaka 1958. Ile jela nilimpa kwa makusudi mvulana wangu asiyetakiwa. Kila mtu alitaka habari za jela! Kwa dakika kumi vichwa vilikuwa vimemwinamia. Breki ile hakucheza na mtu, sitawadanganya. Ilichukua karibu muhula mzima kabla mmoja hajamwita kwa jina lake badala ya lile la utani.

Mzee wa Mikindani

Mwalimu, la jela nimelikubali. Hapo hukumshika mtu mkono, umempa mtoto kitu mkononi. Barua bado siitaki.

Mama wa Bamburi

Mimi naona barua ibaki, Mzee, uniwie radhi. "Huchezi nasi" ni neno, na neno mwalimu anaweza kulikataza kama anavyokataza matusi. Urafiki hauwezi kuamrishwa na hakuna aliyeuomba. Binti yangu ana hiari ya kumchagua shosti wake, lakini uwanja si wake. Ijumaa kwenye mkutano wa wazazi nitakwenda na swali la Baba wa Likoni: nani atamwona mtoto aliye nyuma ya goli? Kama hakuna mtu mzima uwanjani, tupange zamu sisi wazazi, na naanza mimi.

Halafu jana usiku nilimkalisha binti. Kumbe anayemkataa ni mtoto aliyehamia kutoka Voi mwezi wa tano. Nikamuuliza kisa, nikitegemea makubwa. "Hajui nyimbo za kamba, anatuharibia." Ni hilo tu. Nimeongea na mama yake, Jumamosi wanakuja kwetu kula mahamri. Binti ameambiwa atafundisha. Amenuna tangu asubuhi, lakini amekubali: wimbo mmoja tu.