Nimekaa kwenye kiwanja zaidi ya miaka 12, mwenyewe katokea. Nifanyeje?

Kobe_Mweusi: Wakuu salaam. Nipo kwenye kiwanja huku Chanika tangu 2010. Nimepanda miembe, nimeinua vyumba viwili, serikali ya mtaa wananitambua. Sasa kuna mtu anataka nitoke. Nasikia ukifikisha miaka 12 ardhi ni yako. Nianzie wapi? Silali.

MamaSalma: Pole mdogo wangu, ardhi inaua. Baba yetu mdogo alisogeza mpaka hatua mbili tu, mpaka leo hatuzikani.

Kanzu_ya_Mahakama: Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai. Lakini lazima uwe umekaa waziwazi, bila ruhusa yake, naye ametelekeza. Uliingiaje?

Kobe_Mweusi: Kwa amani tu.

Kanzu_ya_Mahakama: Amani ya nani?

Kobe_Mweusi: Sawa, aliniweka yeye niangalie. Ila hajawahi kukanyaga hapa! Vihela anavyotuma kwenye simu havitoshi hata unga. Majani nafyeka mimi.

Kanzu_ya_Mahakama: Basi wewe ni mlinzi. Umo kwa ruhusa yake, hata ukikaa miaka 40. Kuna rufaa ya madai Na. 193 ya 2016, masista wa Holy Spirit: watu 137 waliegemea ukaaji wa muda mrefu, Mahakama ya Rufani ikasema muda peke yake haumpi mtu ardhi. Muombe kifuta jasho, mmalizane.

Mzee_Kipara: Cha mtu hakiliki kijana. Utazeeka vibaya.

Kobe_Mweusi: Mnaongea kirahisi. Kuna mnunuzi kanipa kishika uchumba na nimeshakinunulia mabati. Nirudi nyuma vipi?

MamaSalma: Yesu wangu! Umeuza?

Kobe_Mweusi: Sijauza, nimepokea tu. Jasho langu nalo si hati?

Bwana_Tochi: Wakuu mnanyweshwa chai. Huyu mwaka jana alileta uzi yuko Mwanza, anatafuta mtaji wa dagaa. Leo ana miembe Chanika?

Kobe_Mweusi: Familia ndiyo iko Chanika. Mimi naenda na kurudi.

Bwana_Tochi: Kwa hiyo hata huko kukaa kwenyewe hukai 😂😂

Mzee_Kipara: Mods unganisheni na uzi wa dagaa.

Fundi_Rangi: Samahani mleta mada, hivyo vyumba vina mabati ya bluu? Kuna mtu huko Chanika kala hela yangu, simu hapokei.