Naomba ushauri: kaseti za taarab zilizoota ukungu

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naombeni msaada wa kuokoa kaseti za taarab za ujana wetu: Zein l'Abdin, Juma Bhalo, nyingi zimerekodiwa harusini na hazina nakala popote. Zimekaa Lamu, na hewa ya chumvi mnaijua. Ukanda umeota ukungu mweupe kwenye kingo, na kwa baadhi kile kisponji kinachoubana ukanda kwenye hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma sauti) kimebanduka.

Hedi nimeisafisha kwa spiriti ya 99% na pamba. Kaseti zenye skrubu tano nimezifungua nikahamishia ukanda kwenye ganda jipya. Kila kaseti naipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, ukanda ulegee. Nanasa kwa Audacity, programu ya kurekodi kwenye kompyuta, faili za WAV (sauti isiyobanwa), kutoka tundu la laini la deki wala si la hedifoni.

C-60 (za dakika 60) zinatoka vizuri. Taabu ni C-90 (za dakika 90), ambazo ukanda wake ni mwembamba: zinapiga mluzi, spidi inayumba, na udi unasikika butu kama unapigwa chumba cha pili.

Naomba kujua:
1. Ukungu huo nifute kwa kitambaa kikavu tu, au spiriti kidogo haitabandua ile rangi ya kahawia yenye sauti?
2. Ubutu niutibu kwa kuzungusha skrubu inayorekebisha pembe ya hedi kwa kila kaseti? Naelekea huko, kwani sauti kali zisiponaswa, kompyuta haizirudishi.

Shukrani sana.